Sayari Zote kwa Tangazo la Kifo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Mikataba, mzee tuliyemwita Afande ingawa bunduki aliiona kwenye sinema tu, alinisukumia rasimu nene kama tofali. Akasema nikicheka nijue sijaelewa. Nilicheka ukurasa wa pili, palipoandikwa kwamba mnunuzi wa filamu anapata haki zake duniani na katika sayari nyingine zote. Mimi Mnubi wa Jinja, nyumba yetu yenyewe haikuwa na hati, na huku watu wanagawana sayari!

Kazi yetu mawakili ilikuwa kuandika mikataba ya mauzo ya vituo vya redio, mitambo ya kompyuta na haki za maudhui, yaani nani ana ruhusa ya kurusha nini. Tulinakili mkataba wa zamani, tukabadilisha majina. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Nilikuwa nimehamishiwa Mbale. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kununua redio ya mteja wetu, Hajati Mastula, mjane wa mtaa wa Nabuyonga mjini humo, iiendeshe kwa kompyuta kutoka kwao. Niliandika vifungu sitini na vitatu, na wiki nzima tukabishana na wanunuzi waliotaka haki za vipindi katika sayari zote. Afande akanisifu kwamba nimeziba kila tundu, nami kichwa kikavimba kama andazi.

Siku ya kutia saini, Hajati alivaa miwani akasoma neno kwa neno. Mawakili wa Nairobi walikunywa chai mara tatu. Kwenye kifungu cha arobaini na moja akasimama. Kilisema hakuna tangazo lolote litakalorushwa kabla ya kamati ya Nairobi kulijadili kwa siku kumi na nne. Nilikinakili kutoka mkataba wa filamu, bila kufikiri.

“Mwanangu,” akaniita taratibu, “na matangazo ya vifo?”

Mbale nzima ilijua kwamba kila asubuhi redio ile inasoma nani kafariki na anazikwa wapi, watu wafunge maduka waende.

“Sisi tunazika siku hiyo hiyo. Mimi nikifa leo, hao mabwana watamaliza kunijadili nishakuwa udongo. Nani atakuja kunizika? Kamati?”

Wa Nairobi wakasema kifungu hakiguswi. Hajati akachukua mkoba wake. Nilitoka nje mbio nikampigia Afande. Akaniuliza mama yangu alipofariki, watu walijuaje.

“Redioni, Afande.”

“Basi zile sayari tulizowabishia wiki nzima, wape zote. Wewe chukua vifo.”

Wakakubali, tena kwa furaha. Nikaongeza kwa mkono: tangazo la kifo halingoji idhini ya mtu.

Sasa nimestaafu, niko Wanyange, karibu na kwetu Jinja, nafuga kuku, nao wanabisha kuliko mawakili. Majuzi asubuhi nilikuwa nakaanga mayai, nasikiliza redio ile kwenye simu. Muziki ukakatwa katikati. Hajati Mastula amefariki alfajiri, anazikwa saa kumi. Nilizima jiko nikakimbilia basi, na njia nzima nililia bila aibu.

Nabuyonga maduka yalikuwa yamefungwa. Safu za kumsalia zilifika barabarani, na niliyesimama naye bega kwa bega alikuwa mwenyekiti wa ile kamati ya Nairobi, ambaye siku hizi anakaa Mbale. Nilimuuliza ni nani aliyempa habari.

“Redio,” akasema, akiinamia viatu vyake.