Siku Bibi Alipoiwekea Ndege Jani la Sale

Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri ndege kwenye kiwanja cha changarawe huko mbugani. Rubani, kijana ambaye ningeweza kabisa kumzaa, alikuwa anaizunguka ndege yake ndogo, mara ainame, mara apapase, mara achungulie. Bwana mmoja mwenye haraka zake akanung'unika kwamba mambo hayo yangefanywa mapema, abiria wasione, maana yanatia watu wasiwasi. Nilicheka peke yangu. Nawe ungecheka kama ungemjua bibi yangu.

Tulikuwa tunakaa Soweto, pale Moshi mjini, miaka ile sabuni imesharudi madukani na mitumba inaanza kumwagika sokoni. Mama alikuwa muuguzi. Kila Jumanne alipanda ndege ya kliniki, yeye na daktari, wakaenda nyikani kuchanja watoto na kupima wajawazito, jioni wakarudi. Shule zikifungwa alikuwa ananichukua mpaka uwanjani, nashinda na mke wa mlinzi aliyekuwa akiuza chai na maandazi. Asubuhi uwanja ulinukia petroli na majani mabichi, na mlima ukiwa wazi baridi ilituuma masikio. Mama aliipenda kazi ile hata akawa anaamka akiimba, na huyo hakuwa mtu wa kuimba.

Rubani alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, mpole, mchache wa maneno. Alianza kwa kufungua kamba zilizoishikilia ndege isipeperushwe. Kisha akafuta panga boi kwa kiganja chote, akitafuta mahali palipopigwa na kokoto. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Chini ya bawa alikinga petroli kidogo kwenye kikombe cha kioo, akakiinua juani kuona kama kuna maji. Alitikisa usukani wa mkiani, akaminya matairi, akachungulia injini, maana ndege wa porini walikuwa wanapenda kujenga humo. Tena hakuishia hapo. Watu wakiwa tayari kupanda, alizunguka mara ya mwisho, mikono nyuma, kama mtu anayetembelea shamba lake Jumapili.

Sasa bibi, mama yake mama, alikuwa Kibosho na kahawa yake na migomba yake, na habari za ndege alizisikia kwa jirani. Jirani huyo alikuwa na mdomo. Akamwambia kwamba wiki iliyopita ndege ilichelewa kwa ajili ya mawingu, watu uwanjani wakaanza kusali. Bibi hakulala. Jumatatu jioni akatushukia Soweto na bakuli la kiburu, zile ndizi zetu za maharage, lililofungwa kwa kitambaa, rozari shingoni, na neno moja tu: binti yake asipande tena kitu kile. Mama akambembeleza sana. Mwishowe wakakubaliana kwamba bibi aende akaione ndege yenyewe, halafu ndipo aseme. Mama alijua kwamba bibi akikataa, yeye hatakuwa na ubavu wa kumpinga.

Kesho yake bibi aliingia uwanjani na kanga mbili na viatu vya kanisani. Rubani akamwamkia vizuri, akaendelea na kazi. Bibi akaitazama ndege kwa muda mrefu. Wakati wengine wanapakia masanduku ya chanjo, akasogea kwenye bawa, akasimama hapo kidogo, akarudi kukaa karibu nami. Sikuona alichofanya, nilikuwa nahangaika na andazi.

Rubani akaja na mzunguko wake wa mwisho. Alipofika chini ya bawa akasimama ghafla. Pale huchomoza kijibomba chembamba kinachotazama mbele, na ndani yake alichomoa kipande cha jani, kimeviringishwa vizuri na kusukumwa mpaka ndani.

"Nani kaweka hii?"

Watu wa kwetu waliijua sale hata kwa mbali. Ndiyo jani la amani na la kuombea radhi, na bibi alikuwa ameichuma alfajiri kwenye ua wa jirani yetu. Alitaka kuiombea ndege amani, lakini kila alipopapasa ni bati linaloteleza, hakuna pa kuchomeka ila katundu kale.

"Ni mimi, baba," akasema. "Inamchukua mwanangu. Nimeiombea."

Rubani aligeuka kwa mama, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nesi, kama nyumbani hawataki usafiri, sema sasa hivi. Siwezi kumbeba mtu ambaye ndugu zake wananizibia ndege."

Daktari akatazama pembeni. Mama alisimama na sanduku la chanjo mikononi, machozi yanamlengalenga. Nilimhurumia, nikaliweka andazi chini.

Hapo bibi akafungua pindo la kanga, akatoa jani jingine, zima, limefungwa fundo, akamnyooshea rubani kwa mikono miwili. Mtu wa Tabora akalitazama tu.

"Lipokee," mama akamwambia kwa shida. "Ukiletewa hilo hukatai. Anakuomba msamaha."

Akalipokea. Akalitia mfukoni mwa shati, kisha akamshika bibi mkono. "Nimesamehe, bibi. Lakini njoo uone. Kijibomba hiki ndicho kinachoniambia nakwenda kasi gani. Kikiziba, nadanganywa nikiwa huko juu."

Akakipima kijibomba mpaka akaridhika, halafu akaanza upya, tangu panga boi, na bibi ubavuni mwake. Alimwonyesha oili, akamnusisha petroli, akamshikisha tairi. Bibi aliminya kila kitu kwa vidole vilevile alivyokuwa akiminyia mkungu kujua kama ndizi zimekomaa.

"Kumbe unaihangaikia hivi?"

"Kila safari."

"Na ukikuta kasoro?"

"Tunalala hapahapa."

Bibi akajifunga kanga vizuri. "Basi mchukue," akasema.

Ila kurudi nyumbani alikataa. Alikaa majanini kutwa nzima, kiburu hakukigusa, rozari inazunguka vidoleni. Jioni ndege ilipotua na mama kushuka, nywele zimejaa vumbi la nyikani, sote tulidhani atamkumbatia. Wapi! Alimzunguka. Akampapasa mabega, akamgeuza, akamkunja viwiko, akamshika shingo, akamtazama machoni jicho moja baada ya jingine. Rubani alikuwa anafunga kamba zake, akaacha kufunga, akabaki kutazama. Bibi alipomaliza ndipo akashusha pumzi, akashukuru kwa lugha ya kwetu, "Aika, Mungu," na akaomba chakula.

Ndege ya kliniki haipo tena, na nyasi za uwanja zimekuwa ndefu. Mama alistaafu salama, akafa kwa uzee kitandani mwake, akazikwa Kibosho kando ya bibi. Mimi nasafiri sana siku hizi, na ninafika salama. Nafungua mlango mwenyewe, naweka begi chini, nawasha taa, wala hakuna anayenigeuza kuniangalia kama nimerudi mzima.