Barua ya Hamisi na Kiingereza Changu cha Kudokoa

Siku isiyonitoka kichwani, mwanangu, ni ile Jumanne Bi Somoe alipotandika mkeka barazani kwake, akaniketisha katikati, akanimiminia kahawa kama mgeni wa heshima, kisha akanipa barua ya Kiingereza nimsomee. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kahawa yenyewe siipendi, ni chungu, lakini siku ile niliinywa yote kwa maringo.

Nikurudishe nyuma kidogo. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, hapa hapa Lindi. Maduka tuliyoyazoea yakiwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni za kunukia na mitumba, na kila kijana alikuwa akisema kampuni za watu binafsi zinakuja, na zikija zitamtaka anayejua Kiingereza. Mwalimu Kostansia, mama wa Kimakonde aliyestaafu ualimu, akafungua tuisheni uani kwake. Tulikuwa wanafunzi saba, na kila alasiri tulianza kwa kuimba vitenzi vya wakati uliopita, go, went, gone, eat, ate, eaten, mpaka kuku wake wakahama ua. Baada ya hapo ulikuja ufahamu: habari fupi ubaoni, na maswali matano chini yake. Jikoni ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ilikuwa ikichemka, na aliyekosa jibu alipewa kipande sawa na aliyepata. Jamani, nilikuwa na raha! Laiti ningeweza kukaa tena kwenye lile benchi lililokatika mguu, ningekaa hata na magoti haya.

Sasa nikwambie siri yangu. Ule ufahamu nilikuwa siusomi. Niliangalia neno kubwa ndani ya swali, nikalitafuta ubaoni, nikalipata, nikanakili sentensi yote lilimokaa. Mchezo huo tuliuita kudokoa, kama mtoto anayechota nyama chunguni bila kujua mchuzi ni wa nini. Nilipata tano kwa tano karibu kila siku. Mwalimu Kostansia hakuwa mjinga. Alasiri moja alifuta ubao wote, akaniambia, "Zuhura, hebu nisimulie hiyo habari kwa Kiswahili." Nikabaki nachezea kalamu. Akasema, "Majibu unayo, binti yangu, lakini habari huna." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilidhani ananionea wivu, eti mwalimu amwonee wivu mwanafunzi! Ujana una mambo.

Bi Somoe alikuwa jirani yetu, mjane, mtu wa Kivinje aliyeolewa Lindi. Mwanawe wa pekee, Hamisi, alikuwa baharia kwenye meli ya kigeni, na ulikuwa umepita mwaka mzima bila neno lolote kutoka kwake. Ndipo ikaja barua. Ilikuwa ya Kiingereza, mwandiko wa mtu mwingine, lakini jina la Hamisi lilionekana wazi. Mtaa mzima ulijua nasoma kwa Mwalimu Kostansia, basi nikaitwa mimi.

Unajua desturi yetu ya barua. Msomaji haachwi peke yake. Wanawake wanane walikuwa wamekaa wakinizunguka, mmoja ameacha hata mboga jikoni. Niliisoma kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, nikipinda ulimi kama mtangazaji, na kina mama wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha Bi Somoe akauliza taratibu, "Haya, mwanangu, anasemaje?"

Sikuwa nimeelewa. Nakwambia kweli, hata sentensi moja. Ningeweza kusema, "Bi Somoe, imenishinda, twende kwa Mwalimu." Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya nne kutoka pale. Lakini macho yote yale, na kahawa ile niliyokwisha kuinywa! Nikarudia kudokoa. Nikaona neno la hospitali, nikaona neno la kazi, nikaona wema, nikaona Ijumaa. Nikasema, "Hamisi hajambo. Amepata kazi hospitalini, watu wa huko ni wema sana, na Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika."

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Bi Somoe alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea dua. Ijumaa ile asubuhi akapika wali wa nazi na samaki, akatoa sadaka kwa watoto wa mtaa kumshukuru Mungu. Na mimi nilikula, mwanangu. Nilikula nikaongeza.

Jumapili akaniita nimwandikie Hamisi jibu, na barua nyingine ya Kiingereza ya kuwashukuru hao watu wema. Hapo nikabanwa. Jumatatu nikaipeleka barua tuisheni, nikijifanya nataka tu kusahihishiwa vitenzi vyangu. Mwalimu Kostansia aliisoma mara moja, akavua miwani.

"Hii umemsomea Bi Somoe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha kuliko fimbo. Alinieleza kilichokuwemo. Barua ilikuwa ya muuguzi. Hamisi aliangukiwa na mzigo akiwa kazini, mguu na mkono wa kuume vimevunjika, ndiyo maana hakuandika mwenyewe. Jumamosi angepasuliwa, na hali ilikuwa ya hatari. Alimwomba muuguzi amwandikie mama yake kwamba Ijumaa saa nne asubuhi angepiga simu posta ya Lindi. Hakutaka kitu kingine chochote ila asikie sauti ya mama yake akimpa radhi kabla hajalazwa mezani.

Mwalimu akanishika mkono, tukaenda wote kwa Bi Somoe, na akanilazimisha niseme mimi. Nilisema huku nalia. Bi Somoe alivaa kanga yake, tukafuatana naye mpaka posta. Karani alikumbuka. "Simu ilikuja, mama. Nilitoka mpaka mlangoni nikaita jina lako mara tatu. Yule kijana akaniomba niite tena."

Saa ile sisi tulikuwa tunapakua wali.

Bi Somoe alikaa kwenye ngazi za posta. Baadaye alinitazama, akasema maneno ambayo nayabeba mpaka leo: "Ungesema tu hujui, Zuhura. Mimi kusoma sijui kabisa, na sijawahi kukuficha." Kisha akamwambia Mwalimu apeleke telegramu: radhi anayo, anayo tangu yumo tumboni.

Hamisi hakufa, alhamdulillahi. Alirudi miezi saba baadaye, mguu mmoja mfupi, na mama yake akapata miaka mingi ya kumwona. Nilikwenda kumwomba Hamisi msamaha, akanisamehe hata kabla sijamaliza. Lakini nilimuuliza, nami sikupaswa kuuliza, siku ile alifikiri nini. Akanijibu bila hasira, "Dada, nililala mezani nikijua mama amekataa kunipa radhi. Nikawa nahesabu makosa yangu mpaka dawa ikanichukua."

Mwanangu, wewe unayejifunza lugha ya watu, nakuona na madaftari yako na simu inayokutafsiria kila kitu. Soma, tena soma sana, na vitenzi viimbe, mimi mwenyewe navikumbuka kwa furaha mpaka leo. Lakini ukimaliza habari, funga kitabu ujisimulie kwa lugha ya mama yako. Ukishindwa, bado hujasoma, hata kama umepata tano kwa tano. Na mtu akikuletea barua yake, jua amekuletea mtoto wake, au ndoa yake, au ugonjwa wake. Usiyoyaelewa, sema hujayaelewa, hata kama baraza imejaa na kahawa umeshakunywa. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi niliikwepa dakika hiyo, na mtu akaenda kwenye kisu akidhani mama yake hamtaki.

Mola akufungulie kila ulisomalo, akujaalie walimu wenye subira, na akupe moyo wa kusema "sijui" mbele za watu. Radhi yangu unayo, mwanangu. Nakupa leo, tena kwa sauti, ili uisikie.