Hapana Mbili za Merlin Tollefsrud

Mtu akisema "hapana, msijisumbue," kisha akafa kabla hajaulizwa tena, je, hapana yake ichukuliwe kuwa ni hapana?

Ardis Quamme anajiuliza swali hilo asubuhi ya Jumatano hii ya Februari, akiwa amevaa koti lake zito ndani ya studio kwa sababu hita imegoma tena. Mbele yake pana maikrofoni moja, kikombe cha kahawa nyepesi na karatasi mbili. Nje ya dirisha, mashamba ya mahindi yamelala chini ya theluji mpaka macho yanapokoma.

Inapotimia saa moja na nusu, muziki unaorushwa na kompyuta kutoka mji wa mbali unakatika. Kote Stordahl, mji mdogo wa kusini mwa Minnesota, vijiko vinatua mezani. Ni wakati wa matangazo ya vifo.

"Habari za asubuhi, majirani," anasema Ardis. "Kesho tunamzika Harriet Voss, miaka tisini na mmoja, aliyewafundisha kusoma wengi mnaonisikiliza, na ambaye hakuruhusu kiumbe yeyote amkatie maboga yake."

Anaisoma karatasi ya kwanza hadi mwisho. Anaitazama ya pili. Mkono wake unasita juu yake, kisha unaifunika.

"Hayo ndiyo ya asubuhi. Tukutane saa sita," anasema, na kuzima maikrofoni.

Karatasi aliyoifunika ina maneno machache. Merlin Tollefsrud, miaka themanini na minne, dereva mstaafu wa lori la maziwa, amefariki nyumbani kwake. Atazikwa Ijumaa. Kwa matakwa yake mwenyewe, hakutakuwa na ibada.

"Nikiisoma ilivyo, imekwisha," anasema Ardis. "Huku kwetu wakisikia hakuna ibada, hawaji. Wanaheshimu. Kila mtu anakaa nyumbani kwake, peke yake, anaheshimu."

Ardis ana umri wa miaka sabini na miwili, na zaidi ya miaka ishirini ameitumia kuwasomea watu wa Stordahl majina ya wafu wao. Alipoanza, kituo kilikuwa na mtangazaji wa habari za mifugo, mtu wa michezo, fundi na mpokea simu aliyependa kuimba. Mmoja mmoja walistaafu, wakahama, au wakaingia katika karatasi zake. Leo yeye ndiye binadamu pekee katika jengo hilo, kwa dola mia mbili na kumi kwa wiki.

Mumewe, Orville, alifariki miaka tisa iliyopita. Binti zake wawili wanaishi Arizona na Oregon, na hupiga simu kila Jumapili.

"Nazungumza na mji mzima kila siku," anasema, "halafu nikifika nyumbani sauti inaishia mlangoni. Kuna siku tangu saa sita mchana hadi kesho yake sisemi neno. Labda na jokofu. Linanguruma, naliambia linyamaze."

Kazi yake haianzi kwenye maikrofoni. Kila anapopokea jina, huwapigia simu wafiwa ili apate neno moja la kweli kumhusu marehemu. Zamani alikuwa akiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na jibu lilikuwa lile lile: wa kawaida tu. Katika mji huu, kumsifu maiti wako ni kama kujisifu wewe mwenyewe.

"Sasa nauliza, alikuwa anagombana na nini?" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Hapo wanafunguka. Mzee mmoja aligombana na kindi miaka thelathini. Mkewe alinisimulia mpaka akacheka, akacheka mpaka akalia. Nikamsoma hivyo hivyo, na kindi wake."

Merlin hana mfiwa wa kupigiwa simu. Hakujaaliwa watoto, na mkewe, Verna, alimtangulia miaka minne iliyopita. Kwa hiyo Ardis anampigia aliyeiandika ile karatasi, Wendell Roos, mwenye nyumba ya kuandaa mazishi.

"Ardis, mbona hukumsoma Merlin?" Wendell anawahi kuuliza. "Nilikuwa nakusikiliza."

"Nataka kujua alisemaje. Maneno yake yenyewe."

"Alikuja ofisini vuli iliyopita kupanga mambo yake. Nikamuuliza, ibada tufanye siku gani, asubuhi au mchana? Akasema, 'Aa, msijisumbue.'"

"Ukamuuliza tena?"

"Nikamuuliza tena. Nikamwambia, si usumbufu, Merlin. Akasema, 'Watu wana kazi zao.'"

"Halafu?"



"Halafu nikaandika hakuna ibada," anasema Wendell.

"Wendell! Wewe umezaliwa wapi?"

"Usinigombeze, mama. Alikuwa ameshavaa kofia! Na nikianza kuwauliza wafu mara ya tatu, bora nifunge duka."

Mtu aliyekulia Stordahl angeelewa mara moja kwa nini Ardis alipandisha sauti. Mtoto wa hapo hufundishwa, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwamba kukubali kitu unapoulizwa mara ya kwanza ni ulafi, na mara ya pili ni pupa. Mara ya tatu ndipo adabu inapokuruhusu kusema, "Basi, kidogo tu." Hapana mbili za mwanzo si majibu. Ni njia ya kumpisha mwenyeji, asije akawa amealika kwa kuona haya.

Lakini je, kama safari hii ilikuwa hapana ya kweli? Waswahili husema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Katika tambarare hii isiyo na msitu, giza hilo lipo vilevile.

Zimesalia saa chache kufika saa sita. Ardis anajifunga skafu na kuvuka barabara hadi kanisani, akiwa na karatasi mfukoni. Katika chumba cha chini, LaDonna Eggers, mkuu wa jikoni, anapaka siagi mikate ya mazishi ya Harriet. Duane Hinrichs, mkulima aliyestaafu na jirani wa Merlin, anapanga viti.

"Huyo, sauti ya makaburi!" Duane anamdaka mlangoni. "Leo nimekusikiliza mpaka mwisho, sikusikia jina langu. Nikamwambia mke wangu, lete mayai, niko hai."

"Na viti hivyo vitajipanga vyenyewe?" LaDonna anamkatiza. "Ardis, vua koti. Kahawa?"

"Hapana, nisikusumbue."

"Kidogo?"

"Hapana, kwa kweli."

"Nimeshamimina."

"Basi, kidogo tu," anasema Ardis, akiketi.

Anawaeleza habari ya ile karatasi. Duane anaacha viti. Yeye ndiye aliyemkuta Merlin siku ya Jumatatu.

"Alikuwa anazoa theluji yake kabla jua halijatoka, kila siku ya Mungu," anasema. "Nikaona hapajazolewa. Nikajua. Nilikaa ndani ya pikapu kwanza, nikaacha injini inanguruma. Sikutaka kuwa mtu wa kujua." Anajikohoza. "Alikuwa kwenye kiti chake. Amevaa vizuri, kama anayengoja mtu."

LaDonna anaendelea kupaka siagi mkate ambao tayari una siagi.

"Krismasi nilimwalika," Duane anasema. "Mara mbili."

"Na mimi," anasema LaDonna. "Pale nje, baada ya ibada. Mara mbili. Akasema hapana, ana supu."

"Mimi nilimkuta dukani," anasema Ardis. "Nikamwambia nimenunua bata mzinga, na nyumbani niko peke yangu. Akasema hapana. Nikarudia. Akasema eti mimi nina kazi nyingi. Kazi gani, Bwana wangu? Lakini niliona nisimkere."

Anawatazama wenzake mmoja baada ya mwingine.

"Yaani tumemwalika mara sita, na hakuna aliyemwalika mara ya tatu."

Duane anacheka kidogo bila kutaka, kisha anajifuta macho kwa mkono wa shati.

LaDonna anaweka kisu chini. "Sasa unataka nini, Ardis? Tumwimbie kwa nguvu? Na kama alimaanisha? Unakumbuka mazishi ya Verna? Alishinda kwenye chumba cha makoti. Mtu wa haya vile, umkusanyie umati juu ya kaburi lake, ni kumwaibisha asipoweza hata kutoroka."

Hoja ina uzito, na Ardis haipingi. Ndiyo iliyoufanya mkono wake uifunike karatasi asubuhi.

"Kwenye makoti nilimkuta mimi," anasema Duane polepole. "Alikuwa anayanyoosha, moja moja. Akaniuliza, 'Watu wamepata kahawa ya kutosha?'"

Wakaanza kumkumbuka. Enzi ambazo karibu kila shamba lilikuwa na ng'ombe wa maziwa, lori la Merlin ndilo lililoziunganisha nyumba. Alipeleka hamira kutoka jiko moja hadi lingine, dawa za mtoto mwenye homa, na safari moja paka mchanga ndani ya kofia yake. Kisha mashamba madogo yakauzwa, ng'ombe wakaondoka, na lori likakosa pa kusimama. Kwa miaka mingi ya mwisho ya maisha yake, mtu aliyejua kila mlango wa jikoni katika wilaya hakuwa na mlango wa kubisha.

"Mama yangu alimwalika ndani kila alipokuja kuchukua maziwa," anasema LaDonna. "Kila mara akakataa mara mbili." Ghafla anasita. "Ila alikuwa anakataa huku anavua glavu."

"Kwetu pia," anasema Duane. "Ile ya tatu, tayari amekaa."

LaDonna anafungua friza. "Kuna chapati za viazi za Krismasi hapa chini," anasema, kichwa kikiwa ndani. "Na keki za mazishi ya Harriet zitabaki, zinabaki siku zote. Lakini kuimba, hapana. Hilo alikataa, na hatukumuuliza zaidi."

"Kuimba hapana," Ardis anakubali.

Saa sita, muziki unakatika tena. Ardis anamsoma Harriet. Kisha anaichukua karatasi ya pili, anaisoma kwa macho, na kuiweka kando.

"Merlin Tollefsrud amefariki, majirani. Aliendesha lori la maziwa. Wengi wenu aliwaletea kitu ambacho hakikuwa maziwa. Aliulizwa kuhusu ibada, akasema tusijisumbue. Kwa hiyo hatutajisumbua. Hakutakuwa na nyimbo wala hotuba. Ijumaa saa nne tutasimama makaburini, kisha tutakunywa kahawa chini kanisani, kama watu wanavyokunywa kahawa siku yoyote. Mimi nitakuwepo. Njooni."

Anazima maikrofoni na kubaki ameketi. Simu ya studio hailii. Haijalia tangu mwezi uliopita, na aliyepiga siku hiyo alikuwa amekosea namba.

Ijumaa, baridi inauma hata meno. Umati haukuja. Walikuja watu kumi na wanne, wengi wao wakiwa na fimbo, wakasimama na migongo yao kwenye upepo. Mchungaji alikuja kama jirani, na koti la kawaida. Wendell aliteremsha jeneza. Hakuna aliyeimba. Bibi mmoja kutoka mashamba ya magharibi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akilia, alivua glavu, akagusa mbao na kusema, "Asante kwa paka."

Chini kanisani walikula chapati za viazi zenye siagi na sukari. Kipande cha mwisho cha keki kilikatwa nusu, na nusu yake ikakatwa nusu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa ndiye wa kukimaliza. Watu walizungumza juu ya hali ya hewa, juu ya bei ya soya, na katikati ya hayo, juu ya Merlin.

"Sijui kama nilifanya sawa," anasema Ardis, akishika kikombe kwa mikono miwili. "Hakuna wa kuniambia. Aliyeweza kuniambia tumemfunika udongo sasa hivi. Nikilala leo nitamwona amesimama kwenye makoti, ananiangalia."

Watu wanaanza kutafuta skafu zao. Duane anapita karibu naye akiwa na kofia mkononi.

"Ardis, Jumapili njoo kwetu. Tunaoka nyama."

"Aa, hapana, Duane, msijisumbue."

"Haya," anasema Duane. "Njoo, hata hivyo."

"Hapana, kwa kweli mna..."

Ananyamaza. Duane naye amenyamaza, kofia ikiwa nusu kichwani, na wote wawili wanatazamana kama watu walioshikwa wakiiba. LaDonna ameacha kukusanya vikombe.

Ardis anaweka kikombe chake mezani na kusimama. Sauti anayoitoa ni ile ya redioni, inayofika hadi chumba cha makoti.

"Nimefuta hapana yangu. Jumapili nakuja kula kwako, Duane, na nitakula sana. Na nyinyi wengine, na wewe Wendell, sikilizeni. Siku nikifa, nataka ibada. Nataka nyimbo, beti zote, na nataka mje. Nimesema mara moja, na hiyo moja inatosha."