Nilimfuta mama yangu kwenye ramani ya Voi ili grafu inyooke

Wakuu, habari za huko mliko. Hii si ya rafiki yangu wala ya jirani. Ni yangu mwenyewe, na mama anajua naiandika.

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikalizunguka. Nilikuwa natengeneza modeli ya kompyuta ya jinsi watu wa Voi wanavyotembea, na nikawafuta watu ambao hawakufuata hesabu zangu. Mmoja wao alikuwa mama.

Nirudi nyuma kidogo.

Sijasomea haya mambo. Nilimaliza form four, nikakosa pa kuendelea, nikajifunza code peke yangu, kwanza kwa simu, halafu kwa laptop ambayo haiwaki bila chaja. Nina ugonjwa mmoja, sijui kama kuna mwenzangu hapa. Kitu kikiwa na kasoro ndogo, silali. Mstari ukipinda kwa grafu, tumbo linakaza.

Mtaa wetu uko upande mmoja wa highway, soko upande wa pili. Malori ya Mombasa yanapita hapo bila kuisha. Kabla ya mvua za juzi, lori lilichukua beseni la muuza mboga mwenzake mama, mboga zote chini ya magurudumu. Yeye alipona kwa sababu aliliachilia.

Tangu hapo, mama akitoka alfajiri mimi huamka na kusikiliza tu. Nasikiliza honi.

Basi kaunti ikaitisha maoni: kivuko cha wanaotembea kwa miguu kiwekwe wapi. Kivuko ni kimoja tu, na kwingine kote waweke vyuma vya kuzuia watu kuvuka. Chairman wa mtaa akasema, si kuna yule kijana wa kompyuta? Nikapewa kazi.

Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba mji unaweza kuhesabiwa kama mto. Watu ni chembe, soko linavuta kama sumaku, kila chembe inatafuta njia fupi. Nilipenda sana hiyo. Haitaki uulize mtu chochote, na mimi kuongea na watu hunitoa jasho.

Wapo wengine wanaoandika kwamba binadamu si maji, ana sababu zake, lazima ukae naye umsikilize. Hao niliwaona watu wa hadithi.

Majirani walikubali simu zao zirekodi wanakopita, bila majina, nukta tu. Nukta nyingi zikafanya vile modeli ilisema: moja kwa moja hadi highway, pale karibu na petrol station.

Lakini kulikuwa na kikundi cha nukta za asubuhi ambazo zilinikera. Zinapanda juu kwanza. Zinasimama. Zinasonga kidogo, zinasimama tena. Halafu zinashuka na kuvukia mbali kule chini, upande wa reli ya zamani. Nikaamua ni simu mbovu. Kama simu zilikuwa mbovu, njia zao za jioni pia sikuziamini.

Nikazifuta zote. Grafu ikanyooka, nikalala fofofo.

Sisi wa kazi hii tunaita kusafisha data.

Siku moja kabla ya mkutano nilimwekea mama laptop mezani aone kazi yangu. Aliangalia kwa makini, akauliza swali moja.

"Na mimi niko wapi hapo?"

Nikatafuta nukta inayoanzia mlangoni kwetu. Haikuwepo. Nikafungua faili ya niliowafuta, nikamkuta humo, yeye na wenzake wote wa sokoni.

Ilibidi nimweleze kwamba nilikuwa nasafisha.

"Kwa hivyo mimi ndio uchafu," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Kesho yake nilikuwa nisimame mbele ya watu niwaambie waweke vyuma pale pale mama anapovukia.

Alfajiri nikamwomba nimfuate. Hakwenda barabarani. Alipanda hadi kwa Mama Salma, anayeuza bajia, akagonga geti, akangoja. Wakawa wawili, wakaenda kwa wa tatu. Ambaye hajamaliza kufunga mzigo alingojwa. Mmoja alikuwa mgonjwa, basi wakachukua mboga zake wamuuzie.

Walipofika highway walikuwa kundi. Wakaingia barabarani pamoja, mabeseni kichwani, na lori likapunguza mwendo.

Nikamuuliza Mama Salma kwa nini hawapiti njia fupi.

"Mwanangu, njia fupi waipita peke yako. Na dereva hamuoni mtu mmoja. Sisi twangojana."

Chembe haingoji chembe nyingine. Hapo ndipo modeli yangu ilikuwa imeoza.

Nilitaka kufuta kila kitu na kuomba chairman atafute mtu mwingine. Huo nao ni ugonjwa wangu: kisipokuwa kamili, nitupe chote. Lakini mkutano ulikuwa mchana huo. Nikazirudisha zile nukta na kuongeza kanuni moja: ngoja mwenzako.

Asubuhi ikakaa sawa. Halafu nikaangalia jioni za nukta hizo hizo.

Jioni hakuna anayengoja. Kila mmoja akimaliza kuuza anaondoka zake. Mmoja mmoja, njia fupi, wanakatiza pale petrol station wakati jua liko machoni mwa madereva. Yaani walikuwa wanatembea vile vile hesabu yangu ya kwanza ilivyosema.

Na yule wa beseni? Nikamuuliza mama. Akasema siku hiyo mwenzake alikuwa anarudi nyumbani jioni na mboga zilizobaki.

Miezi yote hiyo nilikuwa naamka kuogopea saa ambayo mama yuko salama.

Kwenye mkutano niliongea nikitazama sakafu. Chairman akanikatiza, "Sasa kijana, tukuamini wewe ama tuwaamini hawa kina mama?"

Nikasema asubuhi wawaamini wao, jioni waniamini mimi. Watu wakacheka, mimi sikuwa natania.

Nikawaonyesha nukta za jioni ukutani. Mama Salma akasogea karibu, akaelekeza kidole kwenye nukta moja katikati ya highway.

"Huyu ni nani, peke yake hivi?"

Angeweza kuwa yeyote kati yao.

Maoni yaliyopelekwa kaunti yanasema kivuko kiwe kule chini, matuta na taa ziwekwe petrol station, na vyuma visiwekwe kabisa.

Nilichojifunza ni kwamba wale wa hesabu na wale wa hadithi wanaangalia barabara moja, saa tofauti. Hesabu haikujua kwa nini kina mama wanazunguka. Kina mama nao, kila mmoja aliijua jioni yake tu, hakuna aliyewahi kuziona zote pamoja.

Kama kuna anayefanya modeli za miji hapa, au aliyesoma sociology, anikosoe. Polepole tu, tumbo langu mnalijua sasa.

Kivuko bado hakijajengwa. Siku hizi sifuti nukta kabla ya kuuliza ni ya nani. Na jioni mama huketi kando ya karai la Mama Salma mpaka bajia za mwisho ziishe, ndipo wanavuka.