Njaa ya Baba na Bomba la Choo

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba baba yangu haendi chooni. Sikuwa peke yangu. Watoto wengi wa kwetu Mwika tuliamini hivyo juu ya baba zetu, kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa. Wazee wa zamani walisema mwanaume akishapita jandoni anazibwa, wenyewe waliita ngoso, na tangu siku hiyo haja ile inabaki kwa wanawake na watoto. Wanawake walijua si kweli. Mama yangu alijua vizuri kabisa, lakini hakusema, tena alisaidia. Asubuhi baba akichukua panga na kusema anakwenda kukagua migomba, mama alitutafutia kazi upande wa juu wa kihamba, shamba letu la migomba, sote, hata mdogo asiyeweza kubeba kitu. Choo kilikuwepo, kilichimbwa wakati viongozi walipopita nyumba kwa nyumba kuhimiza vyoo. Tulikitumia sisi, mama na wageni. Baba sikumwona hata akikisogelea.

Nilikuja kuelewa nikiwa darasa la sita, na siku hiyo nilicheka peke yangu kwenye migomba mpaka nikakaa chini. Sasa sicheki. Wote wawili wameshatangulia, na nikiwakumbuka, mara nyingi nakumbuka hilo, jinsi mama alivyokuwa akituita kwa sauti kubwa kuliko kawaida ili baba asikie kwamba tunaondoka.

Nilipoolewa nilishuka Moshi mjini, tukakaa Majengo katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa mume wangu na mjomba wake. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akienda safari za Zambia anakaa wiki tatu. Mimi nilishona nguo barazani. Choo kilikuwa uani, cha kuchuchumaa, cha kumwaga maji, na uchafu ulikwenda kwa bomba la udongo lililopita chini ya ua mpaka bomba kubwa la mtaa. Nani alilichimbia, sikujua. Lilikuwepo, nasi hatukuliwaza.

Mwaka mmoja baada ya mama kufariki, baba alianza kujigonga kwenye milango. Ilikuwa mtoto wa jicho. Nikamleta mjini, wakamfanyia upasuaji jicho la kulia, wakamfunga bandeji na kumpa maonyo: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikae kwenye vumbi, na arudi baada ya wiki mbili wamtazame. Daktari alisema wazi kwamba asipotunza jicho hilo anaweza kulipoteza. La kushoto lilikuwa karibu limekwisha. Kwa hiyo nilikuwa na wiki mbili za kumlinda baba yangu, na nilizichukulia kama kazi niliyopewa na mama.

Siku ya nne mvua ilinyesha asubuhi yote, na choo kikarudisha maji juu. Nilijaribu kuzibua kwa ufito mrefu wa mwanzi. Ufito ulikwenda hatua chache ukagoma. Nikamwita fundi wa mtaani, Mpare mmoja mnene aliyekuwa akiimba wakati wote wa kazi. Alichokonoa kwa waya kwa muda mrefu, akavuta, na waya ukatoka na mizizi myembamba kama nywele na tope jekundu.

"Dada, bomba hili limekufa zamani," akasema. "Mlikuwa mnaishi na maiti."

"Si uzibue tu?"

"Nizibue nini? Bomba likikutolea udongo ujue limevunjika. Mizizi ya mjohoro wenu ule wa uani imeshaingia ndani, imejifanyia kitanda."

"Wewe Mpare unatafuta kazi kubwa."

"Na wewe Mchaga unatafuta kazi ya bure. Haya, mwaga ndoo nyingine tuone inakwenda wapi."

Sikumwaga. Akanitajia mahitaji yote: mabomba ya plastiki ya inchi nne, elbo, gundi, saruji, mchanga wa kulazia bomba, vibarua wawili wa kuchimba, na ruhusa ya manispaa ya kufukua ukingo wa barabara. Miaka michache nyuma ungekuwa na hela na bomba ulikose. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, mabomba yamesimamishwa mlangoni mwa kila duka la vifaa, na hela ndiyo haipo. Mimi nilikuwa nayo kidogo kwa bahati, maana zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika mwezi ule na nilikuwa naiweka kwa ajili ya mashine ya kupindia nguo. Mashine ile sikuinunua. Hela yake iko chini ya ua wa Majengo, na sijawahi kuijutia.

Fundi alisema siku tatu. Jirani yetu, mama mwenye nyumba ya wapangaji, akasema tutumie choo chake cha shimo mpaka tumalize. Nilimshukuru sana, nikamweleza baba kwa aibu kidogo, nikimtazama pembeni. Akaitika tu. Choo kile kilikuwa katikati ya ua wa jirani, na mlango wake wa bati ulikuwa umeoza chini, miguu ya aliye ndani ikionekana. Mbele yake palikuwa na bomba la maji, na kutwa nzima wanawake walikaa pale wakifua na kuzungumza. Baba alikuwa na viatu vyeusi vya kamba alivyovaa kanisani na hospitalini. Hapakuwa na mtu mwingine katika ua ule mwenye viatu kama vile.

Siku ya kwanza ya uchimbaji baba alikunywa mtori, supu nzito ya ndizi, nusu bakuli. Siku ya pili alikunywa chai tupu, akasema koo linakwaruza. Siku ya tatu vibarua wakakuta jiwe, moja ya yale mawe meusi ambayo mlima uliyatapika zamani, na fundi akaacha kuimba. Siku hiyo baba hakula kitu. Nilipika machalari, ndizi kwa nyama ya mfupa, kama alivyokuwa akipika mama, na sahani ikarudi tupu, nikafurahi. Ndipo binti yangu wa darasa la pili akaniambia, "Mama, babu kanipa nyama yake yote. Na ndizi. Na jana pia."

Nilikasirika kwa sababu niliogopa. Niliingia chumbani kwake, nikamkuta amekaa kitandani na fimbo yake katikati ya magoti.

"Baba, kwa nini huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Chai ya jana?"

Akageuzia uso ukutani.

"Mama amekufa, baba. Huwezi kumfuata kwa njaa. Hata yeye asingekubali."

Maneno yale nilimwambia mimi, mtoto wake, na siwezi kuyafuta. Alisugua mpini wa fimbo kwa kidole gumba, kisha akasema taratibu, "Kesho nipeleke stendi. Narudi nyumbani."

"Na jicho?"

"Jicho ni langu."

Nilitoka nje. Barabara ya Mwika wakati ule ilikuwa na mashimo, basi linaruka, abiria wamebanana, na siku isiyo ya mvua ni vumbi. Nilijua akipanda gari lile jicho limekwenda. Nikasimama karibu na mtaro nikijifanya natazama kazi.

"Dada, huyu mzee wako ana haraka kuliko wewe mwenye bomba," fundi akasema akiwa ndani ya mtaro mpaka kiunoni. "Leo ameniuliza mara nne litaisha lini. Nikamwambia mzee, shikamoo, pumzika, wewe ni mgonjwa wa macho, bomba linakuhusu nini? Akanikasirikia."

Nikabaki nimeshika mdomo. Siku tatu nzima nilikuwa nimempa baba yangu njia moja tu, ya kupita mbele ya wanawake wanaofua. Mjini hapakuwa na migomba ya kukagua. Asiyekula hana haja ya kwenda, ndivyo alivyokuwa ameamua, mzee yule wa miaka zaidi ya sabini, na mimi nikamtukana, tena kwa kumtaja marehemu mama.

Sikuweza kwenda kumwambia kwamba nimeelewa. Huko kungekuwa kumvua nguo. Nilimfuata fundi nikamwambia nataka kazi iishe kesho.

"Kesho haiwezekani, dada. Jiwe hilo hapo."

"Ongeza vibarua wawili. Na mimi nitabeba udongo."

"Wewe?"

"Nimekulia shambani, usinione nashona."

Akanitazama, akacheka. "Leo Mchaga anatoa hela bila kusukumwa. Lazima kuna jambo."

Kwa baba nikasema kwamba basi la kesho ni bovu, nimesikia stendi, asubiri la keshokutwa. Ulikuwa uongo. Nimesema uongo mara chache katika maisha yangu, na huo naukubali.

Siku iliyofuata tuliamka na kazi. Jiwe walilipiga nyundo kwa zamu mpaka likapasuka. Fundi akavuta kamba toka chooni hadi barabarani, akapima mteremko kwa mpira mwembamba wenye maji ndani, huku mmoja akishika ncha hii na mwingine ile, wakipigiana kelele, "Shusha! Shusha kidole kimoja! Hapo hapo!" Vipande vya bomba la zamani vilitolewa vimezongwa na mizizi. Mabomba mapya yalilazwa juu ya mchanga, meupe, yakagundishwa moja baada ya jingine. Nilibeba udongo kwa karai mpaka kanga ikashika jasho na tope. Baba alikaa barazani na bandeji yake, uso ameuelekeza kwetu. Midomo ilikuwa imemkauka.

Saa tisa fundi akamwaga ndoo tatu, mimi nikiwa kwenye chemba aliyoijenga karibu na ukingo wa barabara, kisima kidogo cha matofali ambamo bomba linapita wazi ili likiziba pafunguliwe. Maji yakaja mbio, meupe.

"Limepita!" nikapiga kelele kama mtoto.

Fundi akaja kutazama, akaridhika, akaanza kukusanya vifaa. "Mfuniko tutauweka kesho. Nataka pakae wazi nione linavyopeleka mkianza kutumia."

Nilimgeukia baba. Alikuwa amesikia. Alikuwa ameshasimama, na sasa akakaa tena.

"Funika leo," nikasema.

"Dada, mimi ndiye fundi. Nikifunika nitajuaje..."

"Nakuomba, kaka yangu. Funika sasa hivi. Likiziba nitakulipa ufungue."

Alitaka kufanya utani. Niliona umeshafika mdomoni. Kisha naye akatazama barazani, kwa yule mzee aliyenyooka na fimbo yake, na sijui aliona nini, lakini Wapare nao wana wazee. Aliita vibarua, wakabeba mfuniko wa zege, wakaulaza mahali pake. Akaukanyaga mara mbili kwa nguvu ili usikike.

"Mzee!" akaita. "Kazi imefungwa. Hakuna atakayefungua hapa mpaka mwakani."

"Asante, baba," mzee wangu akajibu.

Vibarua wakaondoka. Nikafunga mlango wa mbele wa nyumba, nikamshika binti yangu mkono, nikasimama uani nikasema kwa sauti ambayo hata wapangaji wa jirani waliisikia, "Baba, sisi tunakwenda Rau kufuata vitambaa vya mteja. Tutachelewa. Hakuna mtu hapa nyumbani!"

"Nendeni," akasema.

Rau hapakuwa na mteja. Tulitembea mpaka karibu na msitu, tukakaa kwenye gogo, mtoto akaniuliza vitambaa viko wapi, nikamwambia mwenye navyo hayupo. Tukala muwa. Sikuwa na saa. Nilijikuta nakadiria muda kama mama alivyokuwa akiukadiria, bila kugeuka nyuma, nikiongea mambo yasiyo na maana ili mtoto asitake kurudi. Nililia kidogo pia, si sana. Mama alikuwa amefanya hivi maisha yake yote ya ndoa, na hata siku moja hatukumsifu.

Tuliporudi jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba. Ua ulikuwa umefagiwa mahali fundi alipoacha udongo, ingawa baba alikatazwa kuinama. Sikumuuliza. Ndoo ya maji ya chooni ilikuwa tupu, nikaijaza, nikairudisha.

Baba alikuwa barazani.

"Mmechelewa sana," akasema kwa ukali. "Nyumba hii watu hawali?"

Nikawasha jiko. Nilipika mtori mzito, nikampelekea bakuli kubwa, akala bila kuzungumza mpaka kijiko kikagonga chini.

"Chumvi kidogo," akasema, akanipa bakuli. "Mama yako alikuwa anatia zaidi."

Nikatia chumvi, nikamwongezea.