Kisu cha Faustin

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Hunijia hata ninapochambua matembele yangu bila kuwaza lolote, na kila inapokuja nashtuka upya, kama vile sijui itaishia wapi. Nitakusimulia polepole. Wewe weka hiyo simu pembeni kidogo, haitakimbia.

Ilikuwa miaka ya vita. Majeshi ya nchi nyingine yalikuwa yamekuja kupigania mji wetu wa Kisangani, na mabomu yaliponyamaza kila familia ilikuwa na mtu asiyejulikana alipo. Wengine walikimbilia msituni, wengine walishuka mto hadi Yanonge na mbali zaidi. Parokia moja hapa mtaani Makiso ikafungua chumba cha kupokea habari. Mtu alikuja akasimulia aliyempoteza au aliyemwokota, na sisi tukayaandika maneno yake kwenye kompyuta.

Mimi nilikuwa mwanafunzi, nimesoma mambo ya kompyuta na kujiona nimeyamaliza. Mkubwa wangu alikuwa Tonton Lofemba, tonton yaani mjomba kwa Kifaransa, mzee aliyekuwa akiandika programu tangu mashine zilipokuwa kubwa kama kabati la nguo. Alikuwa mkali, hapendi maneno mengi, na koti lake halikuvuliwa hata kwenye joto la kukausha samaki. Kazi tuliyopewa ilikuwa moja: mama akija kutafuta mtoto wake, mashine ipekue shuhuda zote zilizo kwenye hifadhidata na kumpatia ule unaomhusu.

Sasa ili mashine itafute ndani ya maandishi, lazima kwanza iyakate vipande vipande, neno kwa neno. Programu tuliyoipata ilikata kwa namna ya Kifaransa, na watu wetu walisimulia kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Kilokele cha watu wa mtoni. Ukiandika "kuuza", haikukuletea aliyesema "anauzisha", yaani anauza kwa Kiswahili cha kwetu. Tonton akaamua tusiandike kikataji kimoja cha kudumu. Tuliacha tundu ndani ya programu, na yeyote ajuaye lugha yake atengeneze kikataji chake na kukichomeka hapo. Kikataji hicho alikiita kisu.

Tundu lenyewe lilikuwa jembamba, mwanangu, jembamba hadi likaniudhi. Programu yetu ilikiambia kisu: jiandae, chukua maandishi haya, nirudishie kipande kimoja kimoja na uniambie kimeanzia wapi na kimeishia wapi, kisha nenda zako. Hakuna kingine. Kisu hakikuambiwa nani aliyesimulia wala anakaa wapi. Mahali pa kulala pa kila mtu, ili tujue pa kumfuata habari ikipatikana, palihifadhiwa sehemu yake peke yake, na alipafungua Tonton tu kwa programu nyingine. Nikitafuta mimi, skrini ilinipa namba ya ushuhuda na si zaidi. Nilimwona mzee mchoyo.

Miongoni mwa waliokuja kwetu alikuwepo Mama Furaha, mfanyabiashara kutoka Kivu, aliyekuwa na duka la maharagwe hapa Makiso. Binti yake Neema alimponyoka mkononi siku ya mabomu, kwenye msongamano wa watu wanaokimbia. Wakati huo wenye bunduki walikuwa wameanza kuwasaka wafanyabiashara wa Kivu, wakisema wanalisha upande wa adui. Duka lake lilivunjwa, na yeye masista walimficha kwenye ghala lao. Kila alipothubutu kutoka alikuja kwetu, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi, akauliza kama Neema amepatikana. Mahali alipolala palikuwa ndani ya mashine yetu.

Faustin tulisoma naye darasa moja. Alikuwa kijana wa vichekesho, aliyeweza kumchekesha hata Tonton, na sikufichi, nilimpenda kidogo. Alijitolea kutuandikia kisu cha Kiswahili, kile cha mitaani kwetu chenye Kifaransa ndani yake, na alikifanyia kazi kila umeme wa bwawa la Tshopo uliporudi. Alipotuletea kwenye disketi tulikijaribu kwenye shuhuda chache. Kilikata vizuri ajabu. Ukiandika "kukimbia" kilikuletea "tulikimbia" na "balikimbia", yaani walikimbia, zote. Nilipiga makofi.

Ndipo akainama karibu nami, tabasamu lake lile lile, akasema:

"Béa, ongeza tu kitu moja kidogo. Kisu ipewe na fasi mutu analala. Itakata muzuri zaidi."

Alitaka kisu kijue na mahali mtu anapolala, nami nikafungua programu ili nilipanue tundu. Sikuwaza. Rafiki ameomba, ameomba kwa upole, na kisu chake kizuri. Ningemnyima kwa nini? Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kuandika. Tonton, niliyedhani amesinzia kwenye kiti chake, akauliza bila kupandisha sauti:

"Faustin, kisu inaomba kujua mwenye nyama analala wapi ju ya nini?"

Nilimtazama Faustin nikingoja jibu la kuchekesha, kwa sababu nilijua atalipata. Badala yake tabasamu lilimtoka. Akakaa chini, sakafuni, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Tonton, beko na mudogo yangu," akasema. "Balisema nibaletee fasi batu ba Kivu banalala, njo bamuachilie."

Mwanangu, wenye bunduki walikuwa wamemshika mdogo wake, na bei ya kumwachilia ilikuwa mahali wanapolala watu wa Kivu. Nilitoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imeniunguza. Nilimwona Mama Furaha na kitambaa chake, nikaona jinsi ambavyo kisu kingekuwa kinapokea kila ushuhuda pamoja na mahali pake, na kujiandikia pembeni, kimya kimya, wakati sisi tunapiga makofi. Sikuweza kumchukia Faustin wala kumhurumia.

Nilidhani Tonton atamfukuza. Alijifunga vifungo vya koti, akamwambia:

"Enda umulete mukubwa yako hapa, ajionee ye mwenyewe kisu inapewa nini."

Walikuja siku iliyofuata. Mkubwa wa wale wenye bunduki alikuwa na bastola na miwani ya kusomea, na kwa bahati mbaya alijua kompyuta. Hilo lilinitisha kuliko bastola. Aliamuru aonyeshwe kila kitu ambacho kisu kinapewa. Tonton akamkabidhi karatasi moja iliyoeleza tundu letu. Yule mtu akaisoma, akairudia, akachungulia ndani ya programu kuhakikisha karatasi haisemi uongo. Akatafuta jina, akapata namba. Akauliza mahali watu wanapolala pako wapi.

"Hii programu inatafuta maneno, chef," Tonton akajibu, akimwita mkubwa kwa Kifaransa. "Tundu yake njo hii unaona."

Na ilikuwa kweli tupu. Habari za Mama Furaha zilikuwa ndani ya mashine ile ile aliyoigusa, upande wa pili wa ukuta ambao mzee aliujenga kabla hata ya kujua nani atakuja. Yule mtu alisoma mlango akaamini ameiona nyumba nzima. Alivua miwani, akamtukana Faustin kwa kumpotezea muda, akaondoka. Mdogo wake Faustin, ambaye sasa hakuwa na faida kwao, aliachiwa baadaye, uso umevimba, lakini hai. Ndugu hao wawili walipanda mtumbwi wakashuka mto, na hakuna aliyetuaga.

Disketi ya Faustin ilibaki mezani. Nilitaka kuitupa mtoni. Nilimwambia Tonton sitagusa kitu kilichotoka mikononi mwa Faustin, heri tukose. Hapo ndipo aliponikemea, na sijawahi kukemewa hivyo tena.

"Kisu haiko na kosa," akasema. "Njo maana nilifanya tundu kuwa ndogo. Weka."

Nikaiweka huku nikilia kwa hasira. Kisu kinachokata wakati wa kutafuta lazima kiwe ndicho kilichokata wakati wa kuhifadhi, kwa hiyo tuliziingiza upya shuhuda zote, umeme ukienda na kurudi. Tulipomaliza, Mama Furaha akaja na swali lake la kila siku. Nikaandika maneno yake: mtoto wa kike, mama kuuza maharagwe. Mashine ikatoa namba moja. Wavuvi wa Yanonge walikuwa wamesimulia kitambo kwamba wameokota msichana asiyetaja jina, anayelia tu kwamba mama yake anauzisha maharagi. Ushuhuda ule ulikuwa umelala kwetu muda wote huo, na kisu cha Kifaransa hakikuuona.

Tonton akafungua mahali kwa programu yake, akamnong'oneza mama huyo jina la familia inayomtunza Neema. Mama Furaha hakupiga kelele. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza ni nani aliyetengeneza kitu hiki, amshukuru. Tonton ndiye aliyemjibu kwamba ni Faustin, na kwamba amesafiri.

Nimekuita kwa sababu nasikia nawe sasa unatengeneza programu ambazo wengine watachomeka kazi zao. Fanya hivyo, usiogope wageni. Peke yako hutajua lugha za watu wote. Ila tundu lako lipitishe kile tu ambacho kazi inahitaji. Mtu akikuomba zaidi, hata akiwa rafiki, hata akitabasamu, muulize ni kwa nini, na usimwonee haya. Usipime wema wa mtu tu, maana mtu mwema anaweza kushikiwa mdogo wake. Lipime tundu.

Mungu akupe vidole vinavyojua kusimama. Akupe mkubwa anayejifanya amesinzia. Na huyo Faustin, kama bado yuko hai kwenye mto huu, Mungu amfikishie shukrani za Mama Furaha, kwa sababu mimi nilishindwa kumfikishia.