Sare ya Maria

Ipo siku moja naikumbuka kila treni inapopiga honi pale Usoke, mwanangu. Jana uliponisimulia kwa kicheko jinsi mnavyoitikiana majina darasani mwenzenu asipokuja, siku hiyo ilinirudia yote. Kaa nikueleze. Sikugombezi, maana mimi nilikuwa mjanja kukushinda.

Enzi zile za Ujamaa sekondari yetu ilikuwa ndogo mno: madarasa manne ya matofali tuliyofyatua wenyewe, shamba la mahindi, na kengele ya kipande cha reli. Loo, tuliipenda! Tukienda shambani asubuhi na majembe begani tukiimba, ungedhani nchi nzima inatusikiliza. Tatizo letu lilikuwa msimu wa tumbaku. Majani yakishaingizwa kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia kwa moto, moto hauachwi uzimike, na wazazi waliwabakiza watoto nyumbani wauchochee. Kidato cha Tatu, darasa langu, kilibaki nusu.

Ndipo tukasikia mkaguzi anakuja kutoka Tabora mjini, na akikuta wanafunzi wachache kidato chetu kitahamishiwa huko. Kwa wengi wetu hiyo ilikuwa na maana ya kuacha shule. Mimi ndiye niliyekuwa kiranja mkuu. Nikapita kijijini nikaazima vijana, kama tulivyoazima vigoda nyumba kwa nyumba kukiwa na harusi, nikawavika sare za wenzetu waliokuwa kwenye mabani. Sare ya mwenzetu Maria nilimpa Kabula, binti wa jirani, aliyemaliza darasa la saba asichaguliwe kuendelea kwa kuwa nafasi zilikuwa chache. Mkuu wa shule aliona, akanyamaza.

Mkaguzi alikuta madawati yamejaa. Akauliza kwa nini shamba la tumbaku huhamishwa kila baada ya miaka michache. Sisi wenye shule tukainamisha vichwa. Akasimama Kabula, akaeleza jinsi udongo unavyochoka, na jinsi kuni za bani zinavyomaliza miti mpaka akina mama wanafuata kuni za kupikia mwendo wa nusu siku.

"Unaitwa nani?"

Kabula akanitazama kwanza. "Maria, mwalimu."

"Maria, wewe utafika mbali," mkaguzi akasema, akaliandika jina.

Treni yake ilipoondoka nikaanza kukusanya sare pale nyumbani kwetu. Kabula aliikunja yake taratibu, akaipangusa vumbi, akanikabidhi.

"Kaka, na kesho nije?"

Nikacheka. "Uje kufanya nini? Mgeni ameshaondoka."

Bibi yangu alikuwa uani anachambua maharage, akasikia. "We mtoto," akaniambia, "hata kigoda cha watu ukikirudisha unasema asante. Huyu mwana wa watu umemwambia nini?" Nikajifanya sikusikia, nikapita na furushi langu la sare.

Kidato chetu kilisalimika, nami nikatembea kifua mbele. Lakini mwaka uliofuata ulikuja mtihani, na mtihani hauna wa kukuitikia. Wenzangu wa mabani walikaa mbele ya karatasi wasijue waanzie wapi. Tulifeli vibaya, Maria akiwa mmojawapo, na haikupita muda Kidato cha Tatu kikahamishiwa mjini. Laiti siku ile ningesema kweli, kwamba viti ni vitupu kwa sababu ya tumbaku, na kwamba yupo hapa binti anayetaka kimoja! Sijui kama mkaguzi angenisikiliza. Lakini sikusema, na mpaka leo inaniuma.

Miaka ilipita. Siku moja nilishuka kwenye treni Usoke, nikamkuta Kabula anauza mahindi ya kuchemsha, mtoto mgongoni. Alinichagulia hindi zuri kuliko yote, akakataa malipo yangu. Kisha akatabasamu.

"Kaka," akasema, "mgeni ameshaondoka?"

Nilisimama pale na hindi mkononi, treni ikapiga honi, ikaondoka.

Basi, mwanangu, usimwitikie mwenzako jina. Asipokuja, mfuate kwao ujue kinachomshika, kisha mpe daftari lako anakili. Na ukimwona mtu nje ya dirisha la darasa lenu ametega sikio, usimpite. Muulize anataka nini, halafu ukamsemee kwa walimu, hata kama watakataa. Nenda, Mungu akufungulie akili, akukalishe kwenye kiti chako kwa jina lako mwenyewe, na akujalie moyo wa kumsogezea nafasi aliyesimama.